Kamba ya Katani Kutoka Mlangoni Hadi Ziwani

Voi, Alhamisi jioni. Upepo wa vumbi, na joto bado halijapoa.

Nyumba zote zilizo chini ya mita thelathini kutoka maji ya Ziwa Jipe zitasogezwa nyuma, na matete ya ufukweni hayatakatwa tena. Karani wa baraza ametangaza hivyo leo asubuhi mbele ya watu wa ziwani, nami nikaandika kwa ajili ya gazeti.

Sababu alizotoa nazikubali. Matete yanashika udongo, na mvua kubwa zilizopita ziliingiza maji hadi jikoni mwa watu. Ningekuwa diwani, ningeupigia kura uamuzi huo.

Ndiyo maana unanisumbua.

Baada ya mkutano nilipita kwa Mzee Mwandoe. Alikuwa mvuvi mpaka macho yalipomwishia. Hakuna nyumba iliyo karibu na maji kuliko yake. Mkewe, Mama Wakesho, amefunga kamba ya katani kwenye vigingi, kutoka mlangoni hadi majini, kupitia mwanya alioukata katikati ya matete. Kila asubuhi mzee huishika hiyo kamba, akaenda kunawa uso, akasikiliza ndege, akarudi.

Kwingine kote huongozwa kwa mkono. Hapo tu huenda peke yake.

Amri ikitekelezwa, nyumba itarudi nyuma na mwanya utaziba.

Nilidhani Mama Wakesho atalalamikia nyumba. Wapi. "Nyumba ni miti na udongo, tutajenga nyingine," aliniambia. "Waniachie kijia cha mtu mmoja tu." Mkutanoni hakusema neno, maana angelazimika kuyataja macho ya mumewe mbele ya watu, na hilo hajawahi kulifanya.

Alikuwa ameketi kizingitini akisokota katani kwenye paja. Mzee, ndani, akasikia.

"Kamba ya nini tena, Mama Wakesho?"

"Ya mbuzi."

"Mbuzi si tulishauza wote?"

"Amebaki mmoja, mzee mzee hivi. Anapenda kuzurura ziwani."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akatoka akipapasa ukuta, akaketi kando yake, akaipitisha kamba mpya mikononi taratibu hadi mwisho.

"Ongeza," akasema. "Kwa mita zao hizo, hii haifiki."

Kumbe alikuwa amesikia kila kitu.

Nilirudi kwa karani kumuuliza kuhusu vijia. Hakunijibu vibaya. Amri haikutaja njia za miguu, alisema. Mwenye ombi alilete mbele ya kamati.

Faksi niliyotuma Nairobi ina nyumba, mita na matete. Kamba sikuiandika. Ingeipa habari uzito, najua, na mhariri angeipenda. Lakini yale macho si ya kwangu kuyatangaza, wala si ya karani.

Nilimpelekea Mama Wakesho jibu la karani kabla sijaondoka. Akasema atakwenda mbele ya kamati. Atawaambia kijia ni chake yeye, cha kuchotea maji.

"Na wewe utaandika hivyo hivyo," akaniambia.

Nimekubali. Maji kweli huchota hapo.

Kamati inakutana Taveta Jumatatu, saa nne asubuhi.