Mwavuli wa Watu wa Sigara

Mjukuu wangu Zaina,

Marahaba. Babu yako hajambo, kikohozi kimepungua tangu aache sigara.

Unauliza kama kikundi chenu cha kusaidia watu kuacha sigara kipokee fedha za kampuni ya sigara. Enzi za ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara, nilipokuwa nauza nyanya Kariakoo, mawakala wa sigara walinipa mwavuli wa bure wenye tangazo lao. Nikafurahia kivuli. Lakini wapita njia wakawa hawazioni tena nyanya, wanauliza tu, "Mama, sigara moja bei gani?" Nikaukunja, nikawarudishia, nikakaa juani.

Zikataeni. Changishaneni wenyewe, mchango wangu nampa kaka yako leo akutumie. Jua la Kariakoo halikuniua, Zaina.

Bibi yako