Namwogopa Mbwa Wangu, na Mama Anakuja Jumamosi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla ya msaada naomba usinicheke. Shikamoo, kama umenizidi umri. Mimi ni muuza nyama, huwa nakusoma hapa buchani kabla gazeti halijafungiwa maini ya mteja, na sikuwahi kufikiri kwamba na mimi ipo siku nitakaa chini nikuandikie, maana mimi ni pandikizi la mtu, nabeba nusu ng'ombe begani kutoka kwenye gari mpaka kwenye ndoano bila kupumzika, mtaani wananiita Winchi, hata mama mkwe ananiita hivyo hivyo. Sasa huyo Winchi, mshauri, anamwogopa mbwa wake mwenyewe. Namwogopa mpaka mate yananikauka mdomoni.

Nilimchukua mwaka juzi kwa rafiki yangu fundi wa kuchomelea, akiwa mdogo wa kubebwa kwenye kikapu, nikamwita Meja, na sikufichi, nilimtaka kwa sifa tu, nilitaka watu wakipita getini kwangu waseme huyu jamaa na mbwa wake ni wale wale. Nikamlisha mabaki ya buchani, mapafu, mikia, mifupa, akala, akajaa, leo kichwa chake kinanifika kiunoni na akisimama kwa miguu ya nyuma tunatazamana uso kwa uso. Yule rafiki yangu aliniambia mbwa mkubwa lazima aijue fimbo mapema, nami nikamjulisha fimbo, mambo yakaenda vizuri mpaka siku alipoidaka hewani akaivunja mbele yangu, kisha akanitazama, na tangu siku hiyo aliyeijua fimbo ni mimi.

Kumtembeza nilikuwa namtembeza, ila ukweli ni kwamba yeye ndiye alikuwa akinitembeza mimi, na ili asinichomokee nilikuwa naizungusha kamba mara tatu kwenye kiganja. Wiki nne zilizopita, asubuhi, tukakutana na jirani yetu mwalimu mstaafu, mzee wa watu, anatembea na bakora, akaiinua ile bakora kunisalimia tu, "Winchi, umeamkaje?" na Meja akaruka. Sikuweza kumzuia. Mimi ninayebeba nusu ng'ombe, mshauri, niliburutwa kwa tumbo kwenye kokoto, mkono umekabwa na kamba, nikiona kila kitu na nisiweze kitu, akaidaka bakora akaitikisa akaivunja vipande viwili, mzee akaanguka chali kwenye mtaro. Hakumng'ata. Alipokwisha kuivunja alisimama tu, anahema. Nilimwinua mzee nikamkung'uta vumbi, akasema, "Loo, mbwa wako ana nguvu kama mwenyewe," watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kidole changu kidogo hakikunjiki mpaka leo.

Tangu siku hiyo sijamfungua. Yuko uani, kwenye mnyororo ulioshikwa na kulabu ya ukutani. Mke wangu anafanya kazi kwenye tanuri la mikate, anaondoka alfajiri, akirudi ananiuliza kama nimemtembeza mbwa nami namjibu leo tumefika mpaka uwanja wa mpira, na viatu navipaka tope ili aamini. Chakula namsukumia. Naweka beseni chini mbali naye, nalisukuma kwa mpini wa fagio, na yeye anaukamata mpini kwa meno, anavuta, navuta, beseni likishamfikia ndipo anauachia na kula. Mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na huu ni mpini wa tatu. Na kila nikiamka, kabla sijanawa uso, naenda kuitazama ile kulabu, kwa sababu imeanza kucheza, na chini yake sakafuni nakuta unga wa saruji, naufagia, kesho yake nakuta mwingine.

Sasa nije kwa mama. Mama yangu amefanyiwa upasuaji wa jicho, na hilo jingine linaona ukungu tu. Alikuwa kwa dada yangu, lakini dada amehamishwa kikazi, tukakaa kikao cha familia kwa simu na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema mama aje kwangu, nina nyumba, nina nafasi, nani mwingine? Anakuja Jumamosi. Choo chetu kiko nje, upande wa pili wa ua. Kutoka mlango wa jikoni ni hatua kumi na nne, na mnyororo unaishia hatua mbili tu kutoka njiani. Mimi na mke wangu tunapita tumejibana na ukuta, lakini mama hauoni huo ukuta uko wapi. Halafu mama anatembea na mkongojo, mshauri. Anapapasa nao mbele yake, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Jana buchani nimemkatia mteja kilo mbili badala ya moja kwa sababu nilikuwa nausikia huo mkongojo masikioni.

Na kuna jambo jingine ambalo hata kwenye sala nimeona haya kulitaja. Juzi, mke wangu akiwa kazini, nilichukua ini nikalipasua katikati nikatia sumu ya panya, nikaliweka kwenye beseni. Siku hiyo sikuchukua fagio, nilitaka ale bila kumwaga, nikalibeba beseni mkononi nikaenda nalo mpaka karibu, nikasimama. Meja akaitazama mikono yangu. Halafu akakaa kitako. Masikio chini, mkia unafagia sakafu, ananisubiri. Nilishindwa. Nikageuka nikalitupa lile ini chooni, nikanawa mikono mara nne, nikajifungia jikoni nikalia, mtu mzima mimi, nikiwa na aproni yangu ya buchani.

Sasa nifanye nini? Nimmalize kweli? Nimgawe kwa mtu wa mbali nimdanganye kwamba ni mpole? Au mama aje, nimwambie asitoke chumbani mpaka nirudi kutoka kazini? Nikisema asije, dada atauliza kwa nini, mke wangu aliyekwisha kutandika kitanda cha mama atauliza kwa nini, na mtaa mzima utajua Winchi anaogopa mbwa. Nisaidie, maji yamenifika shingoni.

Ni mimi, Winchi.

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako imezipita barua nyingine kumi na moja zilizokuwa mbele yake, na wenyewe wanisamehe, kwa sababu Jumamosi haitamngoja mtu.

Pole. Naisema kwanza kwa sababu baadaye nitakuwa mkali na hutaisikia. Sikucheki hata kidogo. Mtu anayeburutwa na mnyama halafu akaamka kesho yake na kumpelekea chakula si mwoga, anaogopa, na hayo ni mambo mawili tofauti. Uliona hatari ukaijua kuwa hatari. Kosa lako ni kuipaka tope kama ulivyopaka vile viatu.

Haya, sasa tugombane. Sumu ya panya! Wewe, muuza nyama, mtu ambaye watoto wa mtaa mzima wanakula kilichopita mikononi mwake, unapasua ini jikoni kwako unatia sumu? Kwa kisu gani? Juu ya ubao upi? Kisu hicho na ubao huo vitupe leo, mahali ambapo hakuna atakayeviokota, na hiyo sumu iliyobaki itoke nyumbani kwako. Kuhusu kumgawa Meja kwa uongo, hata usinitajie tena. Huyo utakayempa naye ana mama.

Barua yako nimemsomea kwa simu daktari wa mifugo ninayemwamini, na nilipofika kwenye mpini wa fagio akanikatiza. "Rudia hapo," akasema. Nikarudia. Akasema, "Mama, huyu bwana anamfundisha." Sikumwelewa mara moja, na nadhani hata wewe hujaelewa, basi nisikilize kwa makini. Meja akiuvuta mpini, beseni linakuja. Akivuta kwa nguvu zaidi, linakuja haraka zaidi. Mara mbili kwa siku, wiki nne nzima, unamwambia mbwa kwamba kitu kirefu cha mti ni cha kukamatwa kwa meno, na ujira wake ni nyama. Kwanza ulimchapa kwa fimbo akaichukia, sasa unamlisha kwa fimbo anaitamani. Halafu unamleta mama na mkongojo wake. Mwanangu, mimi nilipoelewa hapo niliweka simu chini nikavuta pumzi.

Lakini soma tena barua yako mwenyewe pale kwenye lile ini. Siku moja tu ulimwendea bila fimbo, na siku hiyo hiyo ndiyo alikaa kitako akakungoja. Daktari anasema mbwa wa namna hiyo bado anafundishika. Anasema pia kwamba kufundishika ni kazi ya miezi, na hakuna ahadi.

Kwa hiyo fagio libaki la kufagilia. Kuanzia mlo wa leo weka chakula kwenye kitu chepesi, simama nje kabisa ya urefu wa mnyororo, ngoja akae, kisha kitelezeshe kwa mguu uliovaa buti, ukageuke uende zako. Asipokaa, ondoka na chakula, rudi baada ya dakika chache. Usimpigie kelele. Mifupa ya kupikwa acha kabisa, inapasuka ikamtoboa tumbo, na mapafu matupu si chakula cha mnyama wa kimo hicho, mchanganyie uji mzito na nyama iliyochemshwa, saa zile zile kila siku. Mbwa asiyejua atakula lini huwa na wasiwasi, na wasiwasi wake umeuona.

Ile kulabu usiiguse peke yako. Mwite daktari wa mifugo wa eneo lenu kesho asubuhi, aje amtulize Meja, amkague na amchanje kama hujawahi kumchanja, na wakati huo huo fundi awe pale. Yule rafiki yako wa kuchomelea aliyekupa mbwa na ushauri mbovu, sasa alipe kwa jasho: akuchomelee uzio wa nondo kwenye kona ya mbali na njia ya chooni, mrefu kukuzidi wewe, wenye vyumba viwili na mlango katikati, ili unapoweka chakula chumba hiki mbwa awe kile. Mnyororo haulei mbwa, mwanangu. Unamkaanga.

Matembezi hayapo mpaka umpate mtu anayefundisha mbwa kwa kazi, na daktari atakuonyesha. Huyo atakuja na mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni, na kifuniko cha mdomo cha mtindo wa kikapu ambacho mbwa anaweza kuhema na kunywa maji nacho. Utaanzia ndani ya ua wako. Kamba ishikwe kwa mikono miwili, isizungushwe kwenye kiganja kamwe, kidole chako kimeshakupa somo hilo. Akivuta, unasimama kama nguzo, huendi popote. Kamba ikilegea, unampa kipande cha nyama na mnapiga hatua. Mkipiga hatua sita siku ya kwanza, mmefanya kazi. Nguvu zako za kubeba ng'ombe hapa hazina maana, ng'ombe uliyembeba wewe alikuwa amekwisha kufa.

Na baada ya yote hayo, hata daktari akisema amekuwa mpole kama kondoo, Meja na mama yako wasiachwe peke yao katika ua mmoja. Kamwe. Na kama daktari ataona kwamba hafai kukaa na watu, mtafanya atakachosema, yeye kwa mkono wake na kwa njia yake, na wewe utakuwa pale umemshika kichwa. Hilo ndilo deni la kufuga.

Mwalimu mstaafu mnunulie bakora mpya, umpelekee mwenyewe, na umweleze ukweli wa siku ile. Mke wako mwambie leo jioni, kabla hajauliza tena kuhusu uwanja wa mpira. Atakasirika, na ana haki, maana wiki nne amepita pembeni ya mnyororo uliokuwa unang'oka na wewe umenyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii si wewe ambaye ungeumbuliwa.

Sasa mama. Jumamosi haji. Hilo sikushauri, nakuambia. Dada yako achelewe kuhama, au mama akae kwa ndugu mwingine, au umpangie chumba jirani na umlipie mtu wa kumsaidia, mtajua wenyewe kama familia, lakini asikanyage ua huo kabla uzio haujasimama. Ukimaliza kusoma hapa, weka gazeti chini, futa mikono, mpigie. Usimwambie kuna ukarabati. Usimwambie bucha ina kazi nyingi. Mwambie hivi: "Mama, usije kwanza. Mbwa wangu ni hatari, na mimi mwenyewe namwogopa."

Huenda akasema hutaki kumlea, huenda akakata simu, akanuna wiki mbili na kuwalalamikia ndugu wote. Mwache anune. Utapata muda wa kumbembeleza, kwa sababu atakuwa hai.