Kumi na Nne Nukta Tatu

4 Machi

Binti yangu mpenzi,

Uniwie radhi kwa kimya cha miezi saba. Mtu aliyekufundisha kujibu barua ndani ya wiki moja hana pa kuficha uso, kwa hiyo sitatafuta kisingizio. Sisi hapa hatujambo. Mama yako ni mzima na anakusalimu. Anasema upunguze kuchungulia hadubini, usije ukapinda shingo kama korongo. Wewe u hali gani?

Nina swali, nalo ni la mjadala tu kati yangu na walimu wastaafu wenzangu. Kazi yako ni kukata kongosho za wanyama vipande vyembamba na kuhesabu seli zinazotoa homoni. Basi nieleze: ni kweli kwamba jogoo hubeba katika damu sukari ambayo ingemlaza mtu kitandani? Kama jogoo anaweza kuishi na kumi na nne nukta tatu, akawika na kuwafukuza wenzake uani, kwa nini mtu asiweze? Mimi nimewaambia wenzangu kwamba wanyama wote wenye uti wa mgongo ni ndugu, na kwamba visiwa vya seli hizo vimetawanyika ndani ya kongosho zao kwa namna moja. Nilifundisha hivyo miaka thelathini.

Nijibu mapema.

Baba yako


19 Machi

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, mfuko wa sokoni ungali mkononi. Mimi sijambo, na shingo bado imenyooka, mwambie Mama.

Ndugu ni ndugu, Baba, lakini kila mmoja na nyumba yake. Kwa mtu, visiwa hivyo vimetawanyika kama mbegu ndani ya pera. Kwa nyoka hukusanyika zaidi upande wa bandama. Kwa samaki wengi seli hizo hujitenga, zikawa punje nyeupe karibu na kifuko cha nyongo, na unaweza kuiona kwa macho yako. Usiniamini mimi, pasua samaki. Naye jogoo ana seli nyingi sana za kupandisha sukari, kuliko zile za kuishusha. Mwili wake umezoea hivyo tangu yai. Kwake huo ni uzima. Kwa mtu ni moto chini ya majivu, nao huanza na macho na nyayo.

Sasa swali langu. Vitabu vyangu husema "kumi na nne" au "karibu kumi na tano". Hakuna kinachomtilia jogoo nukta tatu. Nukta tatu hutoka kwenye kipimo cha mtu mmoja, siku moja. Tena mistari ya barua yako inateremka, wewe uliyekuwa ukinipunguzia alama kwa mistari inayoteremka.

Baba, huyo jogoo ni nani?

Kitindamimba wako


2 Mei

Shikamoo Baba,

Natumaini mu wazima. Wiki sita zimepita. Nikipiga simu anapokea Mama, na kila nikimwuliza anacheka kidogo, kisha anasema, "Muulize jogoo mwenyewe." Kumbe barua yangu imesomwa.

Sitakugombeza. Nataka tu nikija Agosti unione uso, usinitambue kwa sauti.

Kitindamimba wako


30 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Mama yako hajambo. Jogoo ni mimi.

Vidonge nilianza Agosti iliyopita, na hapo ndipo nilipoanza kunyamaza. Kipimo kile ni cha Februari, kabla sijanywa chai. Daktari alisema vidonge vimefika mwisho wa uwezo wao. Sasa ni sindano ya insulini kila siku, na dawa itunzwe kwenye jokofu. Nilimshukuru, nikachukua kofia yangu, nikatoka.

Siogopi maumivu. Mwaka baada ya mwaka niliwaambia wanafunzi kwamba mtu wa sindano ya sukari ni mtu aliyeshindwa na kijiko. Walicheka. Muuguzi atakayenifundisha kujidunga alikuwa akikaa dawati la mbele.

Jumamosi nilinunua samaki watatu. Mama yako alinikuta mezani na wembe na kioo cha kukuzia, akaniuliza, "Mwalimu, tutakula au tutafanya mtihani?" Wa kwanza nilimpasulia nyongo, tukamla mchungu. Wa pili sikuona kitu. Kwa wa tatu nikaiona: punje nyeupe, ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, imekaa peke yake kama ulivyosema. Miaka thelathini nilifundisha kosa kwa sauti kubwa, na samaki wakipita jikoni kwangu kila wiki.

Nilitoa daftari langu la kufundishia, nikaikata sentensi ile kwa wino mwekundu. Ile ya kijiko ilikuwa ukurasa huohuo. Nayo nikaikata.

Daktari amenipa hadi Jumatatu. Sijaamua, wala usinisukume. Ila jana niliyahamisha mayai kutoka kwenye mlango wa jokofu. Mama yako akauliza nafasi hiyo ni ya nini. Nikamwambia ni ya kufikiria. Alichukua kitambaa safi, akaifuta.

Nikishaamua nitakuandikia siku hiyohiyo, na namba nitaitaja pamoja na nukta yake.

Baba yako