Kompyuta Tuliyoigawana Matangani

Chamazi, Temeke,
Dar es Salaam.
14 Julai 2024

Mpendwa mwanangu Bernadeta,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Ankara? Kile kifua kimepona? Huku sote wazima, ila mie shangazi yako sina raha. Kwenye simu ningeshindwa kusema, ndiyo maana naandika. Naona aibu.

Uliponiomba ile sauti aliyokurekodia marehemu baba yako kwenye kompyuta, nilikujibu ipo kwangu, usihangaike. Mwanangu, haikuwa kwangu.

Siku ya kuanua matanga tuligawana vitu vyake, na kompyuta nayo tukaigawa kama mashati. Mie dada mkubwa nikachukua kioo, maana ndicho kikubwa. Kibodi, ile yenye herufi za kuandikia, ikaenda Kimbiji kwa baba yako mdogo Leodegar. Mausi, kile kidude cha kusogeza kwa mkono, akapewa mwanangu Eliaichi. Likabaki lile boksi, wenyewe wanaliita sipiyu, hakuna aliyelitaka, tukamsukumia mama yako. Alisema vitu vile havitenganishwi. Nikamkata kauli mbele ya wageni, eti mambo ya ukoo wetu hayamhusu.

Kioo nikakiweka sebuleni na kitambaa cha kufuma juu yake. Ulipoomba sauti nikakiwasha, kikabaki cheusi. Sikuwa na pa kukimbilia ila kwa mama yako.

Hakunicheka. Alinieleza taratibu: kioo ni cha kuonyesha tu, kibodi ya kuandikia, mausi ya kuchagulia, ila kazi yote inafanyika ndani ya boksi, na humo mna diski inayotunza kila kitu. Nikamwuliza mbona siku ile hakuniambia.

"Wifi, uliniambia ninyamaze," akasema.

Nilifunga safari ya Kimbiji kufuata kibodi, na Leodegar alinisema njia nzima ya kunisindikiza. Jumamosi mama yako akaunganisha nyaya, sauti ikatoka. Ameshakutumia kwa simu, kwa hiyo umesikia pale baba yako anaposema usimhofie mama, kwa kuwa dada yake Demetria yupo na hatakubali mtu amwonee.

Mie nilikuwa nimekaa na mama yako kochi moja. Alinishika mkono. Ningefurahi angenitukana.

Leodegar na Eliaichi wanakusalimu. Mungu akufunike huko ugenini, na ukimpigia mama yako, mwombe radhi kwa niaba yangu. Mie kila nikianza, nashindwa kumaliza.

Wako akupendaye,
Shangazi Demetria