Risasi ya Magnum

We bwana, leo nimelia. Dukani kwa muuza bunduki, mbele ya watu!

Nilikwenda kuchagua risasi ya magnum, ile yenye nguvu zaidi, ya kuwindia mbali, ndipo ninunue bunduki ya kuifaa. Si unajua kaka alivyokuwa akinicheka, "Hiyo bunduki yako ni ya kufukuzia kunguru!"

Muuzaji akaniwekea mbili mezani. "Hii ina teke kali begani, ila inafika mbali. Hii ni laini. Mzee, huwa unapiga kutoka umbali gani?"

Umbali gani! Sijawahi kujua. Kaka ndiye aliyekuwa akishika darubini na kupima, mimi nikifyatua tu.

Nikageuka kumuuliza. Nimegeuka kabisa, bwana! "Eti kaka..."

Nyuma yangu mlango tu.

"Umbali gani, mzee?"

Nikamwambia, "Aliyekuwa akijua tumemzika Jumamosi."