Kamera Isiyovuta

Punta Arenas, 9 Juni

Mama Herminia, shikamoo.

Natumaini mgongo umepoa na kuni hazijakuishia. Sisi wazima. Wajukuu wako Maite na Amaro wametimiza miaka miwili na wamesahau kutembea, ni mbio tu. Gastón yuko bandarini anatengeneza mitego ya kaa. Mwezi ujao anaingia baharini hadi msimu uishe.

Anataka ninunue kamera, ili akirudi aone watoto walivyokuwa wanakua. Kwa simu picha zote zinatoka na ukungu, maana huku kusini kabisa, msimu huu wa baridi, alasiri tu giza limeshaingia. Muuzaji ameniwekea mbili mezani. Moja lenzi yake inachomoza na kuvuta vitu vya mbali. Nyingine ni ndogo, inaingia mfuko wa koti, lenzi imetulia palepale, haivuti wala hairudishi, na ndiyo ghali. Nikamuuliza, mtu analipaje zaidi ili apewe pungufu? Akacheka. Wewe umepiga picha za komunyo kanisani maisha yako yote, nichagulie. Mimi nimechoka kuchagua vitu.

Mkweo,
Yasna

Chillán, 24 Juni

Yasna mwanangu, marahaba.

Mgongo ni uleule, tumeshazoeana. Kuni zipo. Mwambie mwanangu Gastón avae soksi mbili mbili.

Chukua isiyovuta. Ile ya kuvuta inataka mwanga mwingi, na huko kwenu mwanga ni wa kuombea. Hii jicho lake linafunguka sana, taa ya jikoni inaitosha, na watoto watatoka safi hata wakiruka. Ila ujue, kwa kuwa yenyewe haivuti, wa kusogea ni wewe. Ukitaka uso wa Maite, mfuate. Chuchumaa uwe kimo chake. Mapadri walikuwa wakinitania kwamba kanisani napiga magoti kuliko wao.

Picha zisafishe, unitumie za karatasi. Simu unajua siisikii.

Mama yako wa Chillán

Punta Arenas, 27 Julai

Mama, shikamoo.

Habari za baridi? Sisi hatujambo kabisa. Gastón ameondoka. Nilinunua uliyosema, na picha ndizo hizi. Samahani kwa ufupi wa barua, mapacha wananivuta sketi.

Mkweo,
Yasna

Chillán, 8 Agosti

Yasna mwanangu, marahaba.

Nimezipanga picha zako mezani, nikasahau chai mpaka ikapoa. Watoto wamependeza. Umepiga chini, kimo chao, nikasema mkwe wangu ni msikivu.

Kisha nikazitazama tena. Anayechuchumaa husogea, mwanangu, na wewe husogei. Watoto wako mbali kwa kiasi kilekile katika kila picha, na mlango ni uleule nyuma yao. Pembeni kuna ncha ya blanketi la kijivu. Dirishani mara kuna asubuhi, mara kuna mchana, mara taa imewaka, na blanketi halijaondoka. Ulikuwa umekaa hapo kutwa nzima, siku baada ya siku.

Mficha maradhi kilio humfichua. Niambie mimi kabla mambo hayajafika huko. Unaumwa nini?

Mama yako

Punta Arenas, 20 Agosti

Mama Herminia, shikamoo.

Nilikuomba ushauri wa kamera, sikukuomba unipekue nyumba.

Sina homa wala kidonda. Asubuhi nakaa kwenye kochi niwavalishe viatu, na baada ya hapo siinuki. Mkate nawapa nikiwa hapo, nawaimbia nikiwa hapo. Nawapenda. Lakini wakiita "mama", natamani aitike mtu mwingine. Sijawahi kulisema hilo, na sasa nimeliandika kwa mama wa mume wangu, ambaye kesho anaweza kusema mwanawe ameoa mvivu.

Usimwambie Gastón, atarudi kabla ya msimu na hatutakuwa na cha kula. Na wewe usije, mgongo huo hauwezi safari. Mama yangu angekuwa hai ningemwambia vivyo hivyo.

Yasna

Punta Arenas, 21 Septemba

Mama,

Hali sikuulizi, nakusikia jikoni ukigombana na jiko langu. Barua hii haina stempu. Nitaitia mfukoni mwa koti lako, kwa sababu mdomoni haitoki.

Siku uliyofika, nilipofungua mlango nikakuona na soseji zako za Chillán, nilidhani umekuja kunihukumu. Ulisema tu, "Sogea huko, mkwe, nami nikae." Ukakaa kwenye kochi hilohilo, juu ya blanketi hilohilo, mpaka nikamaliza kulia. Kesho yake ukanishika mkono hadi kwa daktari. Anasema ugonjwa huu una jina na una dawa, ila hauna haraka. Bado nimechoka, mama. Jana niliinuka mara mbili.

Leo nimechukua picha zilizosafishwa. Katikati yake nimekuta moja ambayo sikuipiga. Nimelala kwenye kochi, mdomo wazi, mkono wa Amaro uko sikioni mwangu. Uso wangu umeijaza picha yote, hata kovu dogo la nyusi linaonekana, ambalo mwenyewe nilishalisahau.

Kamera hii haivuti. Najua ulipiga magoti wapi, na mgongo wako ule.

Mwanao,
Yasna