Chumba cha Chini

4 Machi

Mwanangu,

Huku tu wazima, isipokuwa goti langu linalolalamika kila asubuhi. Wewe na zamu zako za wodini mnaendeleaje?

Wakala wa safari amepiga simu. Ile hoteli ya ufukweni uliyotulipia mimi na mama yako mdogo imejaa, kwa hiyo wametuhamishia nyingine, kilimani. Chumba kiko ghorofa ya tatu na lifti hakuna. Tusipojibu kufikia tarehe ishirini, watahesabu tumekubali.

Nitajikongoja tu. Tangu ule ugomvi wa nyumba ya marehemu bibi yako, miaka sita sasa, mdogo wangu ndio kwanza amekubali kukaa nami wiki nzima. Nikikataa hoteli, atasema nimetafuta kisingizio.

Mama yako

9 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, ila usingizi haunitoshi. Tafadhali usikubali. Nimeusoma mkataba wote. Chumba cha chini tulikiomba wenyewe, na kimeandikwa. Wakibadilisha jambo kubwa namna hiyo kabla hamjaondoka, uamuzi ni wako: ukubali, uchukue safari nyingine watakayokupa, au ukatae na warudishe fedha zote bila makato. Wape jibu kwa maandishi kabla ya tarehe ishirini.

Na mama mdogo mwambie ukweli. Hajui hata kama ulipasuliwa goti.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Pole na kazi.

Nilimpigia mdogo wangu, nikamweleza. Akasema, "Dada, umepasuliwa goti, na mimi sina habari?" Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwangu na begi.

Barua ya kukataa tuliipeleka pamoja ofisini kwa wakala. Karani akasema, "Ni mabadiliko madogo tu, mama." Mdogo wangu akamwuliza, "Wewe mama yako ungempandisha ghorofa tatu na goti la kushonwa?" Karani alisoma barua mara mbili, akaingia nayo kwa meneja. Tulingoja kwenye benchi saa nzima, mkono wa mdogo wangu juu ya goti langu.

Tumepewa hoteli nyingine ya ufukweni, chumba cha chini, tarehe zile zile, hakuna nyongeza. Wameandika na kugonga muhuri. Nilipotoka pale nilishusha pumzi mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Safari bado wiki mbili, lakini mama yako mdogo amegoma kurudi kwake. Kabati langu ameshalipanga upya, sioni kitu changu hata kimoja, na roho yangu imetulia kwatu.

Mama yako